Fundi, Pampu Yako Ni Nzima

Fundi wangu,

Shikamoo. Sisubiri marahaba, nina haraka, na wewe unanijua kuliko wengi. Niko yadini kwetu Katubuka, nimekalia ndoo ya grisi iliyopinduliwa, karatasi iko gotini, na kila nikiandika mistari miwili nanyanyuka naenda getini kuangalia kama lobedi, lile trela la kubebea mitambo, imefika na mashine ya watu. Bado. Narudi. Mama Zuhura ndiye aliyeniambia nikuandikie. Alinitazama ninavyozunguka uani kwake, nashika hiki naacha kile, akasema, "Devota, wewe mwenzangu huna pa kulilia. Kaa chini, mwandikie." Basi namwandikia mumewe, na huko kukaa chini ndiko kunakonishinda.

Kweli sina pa kulilia. Siku ile wanaume walikuinua pale kwako Ujiji wakaenda nawe harakaharaka, kila mmoja anapokea bega, na sisi wanawake tukabaki kwenye mikeka. Najua ndivyo mnavyozika, na mimi Mkatoliki wa watu ni nani hata nipinge. Lakini inaniuma, Fundi. Miaka yote ile tumeoga oili pamoja mpaka kwenye nyusi, na siku ya kukupeleka sikupata kutupa hata udongo wa kiganja kimoja. Tangu hapo miguu yangu haitulii. Nikikaa, nahisi kuna spana nimeisahau juu ya mashine ambayo imeshaondoka.

Habari mbaya kwanza, maana ulikuwa hutaki kupambiwa maneno. Walisema pampu yako imekufa.

Ile ya Bi Mkubwa. Ile ekskaveta ya cheni ya mkandarasi anayechimba mashimo ya vyoo kule kambi ya wakimbizi, upande wa Kasulu, uliyoipa jina hilo kwa sababu haipendi kuharakishwa. Hata mikeka ya msiba ilikuwa haijakunjwa yote, nikapigiwa simu na Bwana Mushi, msimamizi wa mkandarasi, yule mrefu wa kofia ya bluu. Anasema mashine ikiwashwa asubuhi inalia, mkono unapanda kwa kujikokota, na baketi likigusa ardhi halina nguvu hata ya kubomoa kichuguu.

"Ni pampu hiyo," akasema. "Mzee aliifunga akiwa mgonjwa. Pole sana dada, lakini ndiyo hivyo."

Pole sana dada! Nilimkatia simu bila kuaga. Najua ni utovu wa adabu, na wewe ungenitazama kwa yale macho yako ya chini ya kofia. Lakini damu ilinichemka. Na wala hakuwa peke yake. Hapa yadini maneno yalishaenea kabla sijafika: mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka, macho yalikuwa hayaoni vizuri, bora asingeipokea kazi ile. Watu uliowafundisha kukaza nati, Fundi. Watu waliokula pilau ya hitima yako wakaramba na vidole. Nikawaambia, haya, mwenye ushahidi asimame hapa mbele yangu. Hakusimama mtu, ila maneno hayakukoma.

Mimi nilikuwepo ulipoifunga, na ndiyo maana yaliniingia sana. Ulikuwa huwezi kusimama muda mrefu, ukaweka kiti cha plastiki karibu na benchi, miguu imevimba hata viatu haviingii, ukavaa ndala. Nilikuwa nakupa pistoni mojamoja, unaipaka oili, unaizungusha kwa vidole viwili mpaka iingie yenyewe, ukiona inakataa unaitoa unaifuta tena. Mimi nakuhimiza, jua linazama, watu wanasubiri. "Buhoro, mwana," ukaniambia, taratibu, kwa Kirundi kile chako ulichookota kambini kinachowavunja mbavu akina mama. Sili zile ngumu, mipira ya kuzuia oili isivuje, ukazilowesha kwenye maji ya moto ya birika la chai mpaka zikalegea, ndipo ukazivalisha. Na ulipomaliza kukaza bolti zote ukatoa mfukoni rangi ya kucha ya binti yako Zuhura, nyekundu, ukachora kistari kuanzia kichwa cha kila bolti mpaka kwenye mwili wa pampu. Mtu akiigusa bolti, kistari kinakatika, na sisi tunajua kuna mkono umepita hapo. Zuhura alipokuja kuulizia rangi yake ukamwambia atakuwa ameiweka vibaya mwenyewe. Mwongo mkubwa we!

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako ya mwisho. Baada ya hapo ni hospitali, na baada ya hospitali ni mimi kwenye mkeka.

Sasa Bwana Mushi anataka pampu ishushwe, ifunguliwe mbele ya watu, kosa lionekane, halafu iagizwe nyingine Dar. Na kama mimi sitaki kuifungua, atamleta anayetaka. Nikaona kama wanataka kukufukua. Neno lenyewe baya, nisamehe, lakini ndivyo nilivyoona, na ndivyo nilivyomwambia Mama Zuhura. Akaniambia ninyamaze nile kwanza.

Siku iliyofuata nikaenda kambini. Basi likachelewa kutoka stendi, njiani tairi likapasuka, nikamalizia na bodaboda, nikafika jua liko utosini, nimekuwa mwekundu kwa vumbi. Hata maji sikunywa. Nikamwambia Nestori awashe. Nestori opereta, si unamjua, yule Muha mpole wa Kasulu anayeongea na leva kabla hajazishika. Akawasha. Fundi, Bi Mkubwa akanyanyua mkono kama hana ubaya wowote duniani! Baketi likazama, likatoka na udongo limejaa pomoni. Nikafunga geji ya presha kwenye njia ya pampu, sindano ikapanda mpaka panapotakiwa ikatulia tuli. Nikaegesha bisibisi ndefu kwenye pampu, mpini sikioni, ulivyonizoesha, nikasikia mvumo mmoja safi usio na mkwaruzo. Basi nikamgeukia Bwana Mushi, nikamwambia mmeniita hapa kunisimulia ndoto zenu. Yakawa maneno. Nestori pembeni anasema kwa sauti ndogo, "Asubuhi, dada. Ni asubuhi." Nani amsikilize? Nilishajiona nimeshinda, nikafunga sanduku langu la spana nikaondoka.

Kesho yake asubuhi ikalia tena.

Bwana Mushi akachoka. Akaipakia kwenye lobedi, akaja kuishusha hapa Katubuka: haya, Devota, kaa nayo. Nikakaa nayo. Alfajiri naiwasha, safi. Mchana naiwasha, safi. Jioni, safi. Nikaizungusha, nikaitembeza kwa cheni zake mpaka ukutani na kurudi, nikainyanyua upande mmoja kwa mkono wake yenyewe, haikulalamika. Watu wa yadini wakapata mchezo wa kuutazama na karanga mkononi. Mmoja akasema Nestori anaigomesha makusudi apate kulala. Maneno hayo yakamfikia Bwana Mushi, naye akasema akithibitisha tu, unga wa Nestori umemwagika. Nestori akanipigia simu analia. Mtu mzima, ana mke na watoto, analia kwenye simu kwa sababu ya mashine inayomsingizia.

Ikapakiwa tena, ikarudishwa kambini. Asubuhi ya kwanza tu, inalia.

Hapo nikaanza kukuwazia vibaya, nisikufiche. Nilishuka Kibirizi ufukweni, nikawa natembea huku na huko kati ya wale wanaoanika dagaa, mpaka mama mmoja akanifokea kwamba nakanyaga chakula cha watu. Nilikuwa najiuliza: je, kama kweli ni wewe? Kama sili moja ilikaa upande kwa sababu kidole kilitetemeka? Na aliyekuwa anakuhimiza umalize ni nani, kama si mimi? Nilitamani uje hata kwa dakika uniambie, nikutukane kidogo, kisha urudi.

Wakati napanda kurudi mjini nikakuta mabasi yanapakia watu kule uwanja wa mpira. Wakimbizi wapya, walioletwa na meli kutoka Kagunga kule mpakani. Wana magodoro yaliyofungwa kwa kamba, wana masufuria, mtoto mmoja kabeba kuku amemfunika kwa koti. Wanaongea Kirundi, lugha ya mama yangu. Mama alipita njia hiyohiyo, Kagunga, mimi nikiwa mgongoni, vita vya wakati ule. Nilisimama pale nikawatazama wanavyopanda, nikajua wanapelekwa wapi: kule ambako vyoo vimejaa na mashimo mapya hayachimbiki kwa sababu mashine inaumwa kila asubuhi. Nikaona haya. Watoto wanaenda kujisaidia vichakani, mimi nahangaika na jina la mtu mmoja ambaye halisikii tena. Nikajigombeza hivyo njia nzima. Lakini jina lako halikunitoka kichwani hata kwa kujigombeza.

Ngoja, kuna mlio getini.

Si lobedi. Ni gari la maji. Naendelea.

Safari hii nikaenda kulala hukohuko. Dada anayewapikia wafanyakazi wa mkandarasi akanipa nusu ya kitanda chake. Na baridi ya kule mwezi wa saba unaijua. Huku ziwani tunalala na shuka moja na bado tunaipiga teke. Kule nilijifunika blanketi mbili na koti na meno yakagongana. Mashine haina blanketi. Nilipoamka hata kuku hawakuwa wametoka, nikamkuta Nestori ameshasimama pembeni yake anapuliza viganja.

Nikamwambia asiwashe kwanza. Nikalikumbuka swali lako. Mafundi wengine wanamuuliza opereta mashine imefanya nini, wewe ulikuwa unamuuliza, "Imekula nini?" kama uko zahanati na mama kaleta mtoto anayeharisha. Nikamuuliza. Akasema imekula oili ileile ya haidroli, ya pipa lilelile la yadini kwetu Katubuka. Mpira mmoja wa oili kwenye mkono wa mashine ulipasuka mara tu baada ya kifo chako, oili nyingi ikamwagika, akaja mwenyewe mjini kuchukua nyingine, akaijaza kwa mkono wake. Ileile, dada, naapa. Nikaona hapo hamna kitu. Nikamwambia washa.

Yarabi, ililia! Niliusikia mlio ule mpaka kwenye magego. Ni mlio wa pampu inayovuta na haipati, kama mtu anayefyonza soda iliyokwisha kwenye mrija. Sindano ya geji ikawa inatetemeka, haishuki kabisa na haitulii. Mkono ukapanda kwa kujikokota. Nilisimama pale nimeshika bisibisi, vidole vimekufa ganzi, nikawa namlaani kila mtu aliyeumba asubuhi. Ndipo likanijia. Vidole vyangu vimekufa ganzi. Baridi!

Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha, tena kwa kunifokea: pampu iliyochoka huwa na nguvu asubuhi, halafu jua likipanda inalegea, kwa kuwa oili ikipata moto inakuwa nyepesi na kupenya kwenye nafasi zilizolika huko ndani. Hii ilikuwa inafanya kinyume kabisa. Inaumwa ikiwa baridi, inapona ikipata moto. Mara ya kwanza niliikuta nzima kwa sababu nilifika adhuhuri. Katubuka ilikuwa nzima kwa sababu Katubuka haina baridi ya kuiumiza. Pampu yako haikuwa imechoka, Fundi. Ilikuwa inanyimwa oili. Kuna kitu kinaziba mdomo wake asubuhi na kuuachia mchana. Nilipiga kelele, Nestori akadhani nimeumia.

Bwana Mushi naye ameshafika, kaja na fundi wake mwingine, turubai limetandikwa, spana zimepangwa, na yule fundi kishachagua bolti ya kuanza nayo. Spana iko kichwani mwa bolti, imefunika kile kistari chako chekundu. Nikajipenyeza katikati yake na pampu. Nadhani nilimkanyaga. Nikamwambia Bwana Mushi anipe asubuhi hiyo tu nifungue tangi, ni kifuniko na bolti zake, haina madhara kwa mtu. "Anza na cha bure," si ndivyo ulivyokuwa unasema? Akatazama saa. Akawatazama akina mama waliokuwa wamesimama upande wa pili wa kamba na watoto wao, wamekuja kuulizia mashimo kama wanavyokuja kila siku. Akasema sawa, fungua, lakini jua likipita paa la stoo, pampu inashuka.

Sijawahi kufungua tangi kwa haraka vile, na sijawahi kusali huku nafungua. Nikaliacha lipumue presha yake, nikatoa kifuniko, nikaingiza mkono mpaka begani kutafuta lile chujio la waya la chini kabisa, ambalo oili inapitia kwenda kwenye pampu. Likaja zito. Nikalinyanyua kwenye mwanga. Lilikuwa limevaa kitu cha rangi ya chungwa, kinene, kimegandamana kwenye waya kama mafuta juu ya mchuzi uliolala. Nikachota kwa kidole nikanusa.

Nilinusa jikoni kwako.

Mawese, Fundi! Mawese kwenye tangi la haidroli! Baridi ikipiga yanaganda na kuziba chujio, mashine inanyimwa oili inalia. Ikishanguruma saa kadhaa oili inapata moto, yanayeyuka, njia inafunguka, na Devota anafika adhuhuri anaanza kutukana watu. Nilicheka mwenyewe kama mwehu. Bwana Mushi akanusa, fundi wake akanusa, dada wa jikoni akaja akanusa na kusema hayo ni mazuri, ni ya Ujiji. Nestori hakunusa. Nestori aliketi palepale chini kwenye udongo, akajishika kichwa.

Akanieleza. Ile safari yake ya kuja mjini kufuata oili, alipitia kwanza nyumbani kwako kutoa pole. Pipa zima halikuenea kwenye pikapu iliyokuwa imejaa mabati, ikabidi oili imiminwe kwenye madumu, na madumu hakuwa nayo. Akaomba pale mlangoni. Mama Zuhura anauza mawese, na muuza mawese hakosi madumu matupu. Akamtuma Zuhura amtolee yale ya manjano, yote, bila hata kufikiri. Nestori akayasuuza kwa maji ya bomba, akayainamisha, akaona hamna kitu. Mawese yaliyoganda chini kabisa na kwenye kona za mpini yakabaki, maji baridi yangeyafanya nini? Oili yenyewe ilikuwa nzuri. Ikatikisika mle njia nzima, ikayakokota yote mpaka tumboni mwa Bi Mkubwa.

Ungedhani nilishangilia. Nilishangilia kidogo tu. Yule fundi mwingine akasema, bila ubaya, anawaza kwa sauti, kwamba huenda uchafu huo uliingia pampu ilipofungwa, mgonjwa akila kazini inatokea. Bwana Mushi akaniuliza waziwazi: madumu yalitoka kwa nani? Nikakwama. Nikisema tu ni uchafu, basi ni uchafu wako, uliuacha wewe ndani. Nikisema ukweli, kesho yadi nzima na soko zima la Ujiji wanaimba kwamba mke wa marehemu ndiye aliyeua mashine ya vyoo vya wakimbizi. Nestori ananitazama kwa macho ya kuomba nisiseme. Nikamwambia Bwana Mushi nitamjibu, nina mtu wa kumuuliza kwanza. Akakasirika. Acha akasirike.

Nikaja moja kwa moja mpaka Ujiji. Nestori aliomba aje kuomba radhi mwenyewe, nikaja naye, lakini unajua Mama Zuhura yuko eda, mwanaume asiye wake haingii. Akabaki nje barazani amekumbatia kofia yake. Mimi nikaingia. Nilimkuta kwenye mkeka wa chumbani, kanga zimepauka, hana hereni hana wanja, anachambua mchele. Sikujua nianzie wapi, nikaanza katikati, nikamweleza pampu, baridi, chujio, na nilipofika kwenye madumu akaacha kuchambua.

Kwanza alicheka. Tangu uondoke sikuwa nimemsikia akicheka, na alicheka mpaka akashika ubavu. "Miaka yote nafua ovaroli zake," akasema, "namgombeza ananijazia oili jikoni. Kumbe na mimi nimempelekea mawese kazini." Halafu kicheko kikageuka, akalia, nikalia naye, mchele ukamwagika, tukawa tunauokota huku tunalia. Nikamwambia simtaji. Nikamwambia nitatafuta la kusema, Bwana Mushi hawezi kunilazimisha.

Akajifuta kwa upindo wa kanga. Akaniangalia kwa ukali, ule ukali unaoujua wewe.

"Unitaje," akasema. "Waambie ni mkewe. Mimi niko hai, nina mdomo, nitawajibu. Yeye hawezi kujibu."

Nikawataja wote wawili, Fundi, yeye na Nestori aliyeniruhusu mwenyewe kule barazani. Nilisema kambini mbele ya Bwana Mushi na fundi wake, kisha nikaja kusema hapa yadini, nimesimama kwenye ngazi ya mashine ili wote wanione. Na walicheka, sikudanganyi. Mpaka leo wananiuliza kama pampu inataka na ndimu. Acha wacheke, mawese ni ya kucheka. Lakini hakuna anayecheka mikono yako. Bwana Mushi alivua kofia yake, akapiga simu ofisini kwao pale nikimsikia, akasema pampu ni nzima, mzee aliifunga vizuri, asiagize mtu kitu chochote. Alinipa mkono. Nikaupokea, ingawa bado nimemkasirikia kidogo.

Tulimwaga oili yote. Tukaosha tangi na mipira, tukabadilisha filta, tukaingiza oili mpya moja kwa moja kutoka kwenye pipa kwa pampu ya mkono, hakuna dumu lililosogea hapo. Kisha nikalala tena kule kwenye baridi. Asubuhi yake Nestori akaongea na leva zake, akawasha, mkono ukapanda bila kuuma maneno. Alichimba shimo la kwanza, akageuka kuchimba la pili, mama mmoja akashangaa kwa Kirundi, "Yemwe!" na kumvuta mwanawe nyuma ya kamba. Nilitaka kukupigia simu. Mkono ulishaingia mfukoni, Fundi. Nilisahau kabisa.

Lobedi imeingia. Wanapiga honi. Ni mashine ya mkandarasi wa barabara, cheni yake moja inaburuza, wakamkataa kila aliyependekezwa wakasema wanamtaka mwanafunzi wa mzee wa Ujiji. Nitaanza kwa kuuliza imekula nini. Lazima niende.

Kwaheri, Fundi wangu. Nilikupenda kama baba, na sikuwahi kukuambia kwa sababu kila siku tulikuwa tunabishana na nilidhani tutabishana mpaka nizeeke mimi. Sasa nimekuambia. Mungu wako na wangu wakutunze, wapatane wenyewe huko.

Ninakuahidi jambo moja. Eda ikiisha nitampeleka Mama Zuhura kambini. Ameshaanza kuniuliza avae nini na kama kule kuna pa kukaa. Ameishi na wewe miaka yote hiyo, anaijua kazi yako kwa madoa tu, hajawahi kusimama mahali akaiona. Nimeshapatana na Nestori. Tutafika asubuhi na mapema, baridi ikiwa kali, na Bi Mkubwa atanyanyua udongo mbele yake mzigo kwa mzigo. Nami nitamshika mkono nimwonyeshe kwa kidole: mama, tazama, yule ni mumeo, yuko kazini.

Mwanafunzi wako,
Devota